Kisogo cha Mtoto wa Pasta

Sisi vinyozi wa mtaa ule hatutazami watu usoni. Mteja akishaondoka kitini sura yake tunaisahau, na jina pengine hatukulijua tangu mwanzo, ila kichwa chake tunakijua. Saluni yetu ipo katikati ya mji, hapa Durban, karibu na kona wanapopanga foleni watu wa teksi, yale mabasi madogo ambayo huku ndiyo huitwa teksi. Wateja wakikatika mchana tunatoa viti kizingitini na kucheza mchezo wetu. Kichwa kinapita barabarani, mmoja anauliza: kazi ya nani ile? Mnatazama mstari wa nyuma ya shingo, pembe zake, mashine ilivyopanda juu ya sikio, kisha mnataja saluni na kinyozi. Anayekosa ananunua soda.

Bingwa wa mchezo alikuwa jirani yangu wa kiti, Mkongo mtu mzima wa Bukavu, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumatatu. Jumapili alikuwa shemasi katika kanisa kubwa la Wakongo. Aliniita petit, mimi nikamwita grand, kama wenyewe wanavyoitana mdogo na mkubwa. Sikuwa nimewahi kumwona akinunua soda.

Mkono wangu mimi ulikuwa rahisi kuliko yote kuutambua. Mimi ni mashoto. Mjomba aliyenifundisha kazi kule Tanga alinichapa sana nilipopeleka tonge mdomoni kwa kushoto, lakini wembe akaniacha. Chakula kula kwa kulia, akasema, wembe shika kwa mkono Mungu aliokupa. Basi mstari wangu wa nyuma ya shingo, pembe ya kushoto huwa kali na ya kulia imenyanyuka kidogo. Nimejaribu kuurekebisha, hautaki. Nayasema haya mapema ili baadaye usije ukaniuliza walijuaje.

Mtoto wa pasta alikaa kwangu mara ya kwanza kwa sababu kiti cha shemasi kilikuwa na mtu. Pasta mwenyewe ndiye mkuu wa kanisa lile. Kijana alikuwa mwanafunzi wa sheria, aliletwa Durban akiwa mdogo, Kizulu kinamtoka bila kufikiri, na Kiswahili chake ni cha mezani kwa baba yake. Aliponiona nashika mashine kwa kushoto akasema, "Eish, ndugu, si nitatoka hapa nimegeuka nyuma mbele?" Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia anayetaka wa kulia akangoje benchi. Akacheka mpaka kichwa kikatikisika, ikabidi nimshike paji la uso atulie. Wallahi, vichwa nimeshika vingi, lakini hicho mkono wangu haukutaka kukiacha.

Tulivyofika huko kwingine sitaeleza. Wanaojua wanajua, na wasiojua wana kazi ya kujifanya hawajui. Niseme tu kwamba baba yake alikuwa na nyumba Berea, juu kilimani, geti linajifungua lenyewe, na mimi nilikuwa nalala chumba cha mjini na Watanzania wenzangu, kitanda kwa zamu. Yeye anasomea kutetea watu mahakamani, mimi shule niliishia kidato cha pili. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini. Halafu wanaume wawili. Sheria ya Afrika Kusini inaturuhusu, alinisomea mwenyewe kifungu kwa kifungu huku ameniwekea miguu mapajani. Lakini sisi hatukuwa tunaishi Afrika Kusini. Tulikuwa tunaishi katika nchi ya Wakongo na Watanzania iliyomo ndani yake, na hiyo ina mahakimu wake.

Tulichokiogopa ni Lubumbashi. Mdogo wake pasta ana nyumba ya maombi huko, na kijana wa kanisa lile akionekana ana pepo la namna hiyo, anapandishwa basi na kupelekwa akaombewe. Mmoja alipelekwa kabla yetu. Aliporudi alikuja kunyolewa kwangu, na nilipopitisha mashine niliona utosini makovu madogo ya mviringo, mengi, yamepangana. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mshumaa." Siku hizi anafagia kanisa, na mtu akipita anasimama kando, uso ameuelekeza ukutani.

Nilimweleza mtoto wa pasta niliyoyaona. Akasema, "Wakinipeleka kule, sitarudi mimi. Atarudi mtu mwingine amevaa nguo zangu."

Ndipo tukapata wazo la kujificha, na wote wawili tuliliona la busara. Asije tena saluni, kwa sababu shemasi ana macho. Nyumbani aseme siku hizi ananyolewa na Mzulu mmoja karibu na chuo. Mimi Ijumaa tajiri wetu, mwenye saluni, alikuwa ananipa ruhusa ndefu ya swala. Na niliswali kweli, asinisingizie mtu. Nikitoka msikitini napanda teksi mpaka Glenwood, alikopanga chumba cha kusomea nyuma ya nyumba ya zamani yenye baraza la mbao. Anakaa juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, taulo mabegani, jua la mchana linatupiga, nami namnyoa taratibu kuliko inavyohitajika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sidhani kama nitakuwa nayo tena.

Tukimaliza, anazifagia nywele zake mwenyewe na kuzimwaga chooni. "Sikuachii hata moja, mtu wa Tanga," anasema. Huku kila mtu anaamini watu wa Tanga ni wachawi, Wakongo wanaamini, hata Watanzania wa bara wanaamini, na nywele ndiyo kamba ya kumfungia mtu. Yeye alikuwa anatania. Nilimpiga na taulo tukacheka.

Kosa letu umeshaliona? Sisi hatukuliona, na mmoja wetu ni kinyozi. Angeendelea kuja saluni angekuwa mteja kama wateja wengine. Aliacha kuja, na kila Jumapili akawa anakaa benchi la mbele kanisani, mkono wangu umekaa shingoni mwake, mbichi, wa juzi, na benchi la nyuma yake amekaa shemasi. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuotea visogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku moja shemasi alikuwa anapiga mashine yake brashi. Hakuinua macho. "Petit," akasema, "mutoto ya Papa Pasta, siku hizi iko anakata nywele wapi?"

"Nasikia kwa Wazulu, huko chuoni."

"Wazulu," akasema. Akapuliza vumbi la nywele kwenye mashine. "Wazulu wanakata muzuri."

Basi, ikaishia hapo. Nikajiambia ni maneno ya kupitisha muda. Wiki ikapita, tukawa tumekaa kizingitini, watu wa saluni wote, tunacheza mchezo wetu. Robot ya pale kona, yaani taa za barabarani, ikawaka nyekundu na magari yakasimama. Gari la pasta likawa mbele yetu kabisa, baba kwenye usukani, mwanawe pembeni yake, amegeukia upande wa pili anatazama nje, kisogo kwetu. Shemasi akanyoosha kidole.

"Ile kichwa, kazi ya nani?"

Wenzetu wakatazama. Mmoja akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Wote walikuwa wameona. Nikasema, "Ya Mzulu."

Shemasi akanitazama kwa utulivu. "Basi leo nimekosa," akasema. Akainuka, akavuka barabara, akarudi na soda moja, akanipa mimi. Baridi, imefunguliwa tayari. Niliinywa yote kwa sababu alisimama hapo akingoja niimalize.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, hilo nililijua. Ijumaa ile nilimweleza mpenzi wangu, nikamwambia tuondoke, twende Cape Town, twende popote. Akasema amalize mitihani kwanza, imebaki michache, asitupe miaka yote ile. Nikakasirika. Nikamwambia vyeti havimzuii mtu kupandishwa basi. Akaniambia mimi naona rahisi kuondoka kwa sababu sina cha kuacha. Tuliumizana kwa maneno siku ile, kisha akakaa kwenye kreti na kusema, "Basi ninyoe kwa kulia. Badilisha mkono."

Nikajaribu. Mashine ilikuwa ngeni mkononi mwangu, mstari ukaenda kombo, na nilipochukua wembe kuunyoosha nikamkata sikio. Damu ikatiririka mpaka kwenye taulo. Tulicheka sana, naye akicheka zaidi yangu, ananiita daktari wa mbuzi. Halafu akaacha kucheka. Jumapili angekaa mbele ya shemasi na plasta sikioni na mstari uliopinda, na mtu habadilishi mkono bila sababu. Nikamkumbatia pale pale barazani.

Wiki iliyofuata, mchana, pasta aliingia saluni. Mrefu, suti ya kijivu, sauti ya chini ambayo humlazimu mtu kuinama amsikie. Wakongo wote wakasimama. Shemasi akapangusa kiti chake. "Papa, karibu hapa."

"Hapana," pasta akasema. "Nataka huyu."

Akakaa kwangu. Nikamfunga shuka shingoni. Alinitazama kwenye kioo akasema, "Unikate sawa vile unamukataka mwana yangu."

Redio ilikuwa inaimba na hakuna aliyeizima. Ningeweza kusema simjui mwanawe. Sikusema. Nilichukua mashine kwa kushoto, kwa sababu kulia kungekuwa kukiri mara mbili. Nywele zao ni moja, baba na mwana, kile kizunguko cha nywele nyuma kinaelekea upande ule ule, na shingo ni ile ile, imezeeka tu. Wembe ulikuwa mkononi mwangu na koo ni lake, lakini aliyetulia ni yeye. Nilipomaliza, shemasi alikuwa tayari nyuma yetu na kioo cha mkono, sikumwita. Pasta akajitazama kisogo. Akaangalia pembe ya kushoto, kisha ya kulia, akichukua muda wake.

"Njo yenyewe," akasema, na njo ya kwao ni ndiyo ya kwetu.

Kisha mtu yule mzima, na suti yake, akapiga magoti. Akatandaza leso sakafuni na kuokota nywele zake, moja moja, akazikunja na kuzitia mfuko wa ndani. "Nasikia kwenu Tanga munajua kazi ya nywele," akaniambia, bado yuko chini. Hapo nikaelewa. Kwake halikuwa suala la mwanawe kunipenda. Mwanawe alikuwa amefungwa, na mimi ndiye mchawi. Ningemwambia nini? Kwamba hakuna dawa, kwamba mtoto wako alinipenda hivi hivi, na kreti ya bia ikiwa ndiyo kiti chetu? Nilipompigia mpenzi wangu, simu yake ilikuwa imezimwa. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, wanasema, lakini maji yenyewe sikuyapata.

Walikuja kesho yake, saa za mchana, baba na mwana. Gari waliliegesha nje, na kwenye kiti cha nyuma nililiona sanduku. Mpenzi wangu alikuwa amevaa shati la kanisani. Macho yamevimba. Alikaa kwenye kiti changu bila kuambiwa.

"Ondoa yote," pasta akasema. "Zile nywele njo zilimufunga. Mwenye alifunga afungue kwa mukono yake. Leo anapanda basi."

Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kumtukana, matusi ya Tanga ninayo, na siku zote huwa yananijia kabla ya akili. Shemasi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Kwenye kioo mpenzi wangu akanitazama.

"Fanya," akasema. "Ila fanya polepole."

Tangu aache kuja saluni hatukugusana mbele za watu hata siku moja, na sasa baba yake mwenyewe alikuwa ameniamuru nikishike kichwa chake. Nikakishika. Nikapitisha mashine, nikapaka maji na sabuni, nikachukua wembe. Kwetu mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba na kuombewa dua, na ile dua nikaikumbuka vipande vipande, nikaisoma moyoni, midomo imefungwa, kwa yule mtu mzima aliyefumba macho chini ya mikono yangu. Nililia. Sioni haya kusema, nililia na machozi yakamdondokea, na yeye hakujifuta. Nilipomaliza nikampapasa kichwa chote kwa viganja viwili, mbele ya baba yake, mpaka utosini. Hapakuwa na kovu hata moja. Nilitaka mikono yangu ikumbuke hivyo.

"Usiguse," pasta akaniambia nilipochukua ufagio. Akatandaza leso, akapiga magoti. Akamwita shemasi amsaidie, maana nywele zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyotakiwa kubaki mikononi mwa mtu wa Tanga. Wakawa wote wawili chini wanaokota. Feni ya sakafuni ilikuwa karibu na mguu wangu. Nikaiongeza.

Nywele zikatawanyika. Zikaingia chini ya viti, chini ya benchi, zikakimbilia ukutani. Pasta akasema neno kwa Kifaransa na kutambaa, shemasi akaingiza kichwa chini ya kiti chake mwenyewe. Kwenye kioo mpenzi wangu alifumbua macho. Alijifungua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkono wa kiti, akatoka. Hakukimbia. Wenzangu walimwona, wakageukia vioo vyao.

Shemasi ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Alikimbia nje na nywele bado zimo mkononi. Ilikuwa saa ya chakula, foleni za teksi zimejaa mpaka barabarani, na bingwa wetu akasimama kizingitini anatafuta kisogo anachokijua. Hakukiona. Vipara vilikuwa vingi, jua linawaka juu yake, na kichwa kisicho na nywele hakina mkono wa mtu. Mwishowe alikimbia akamkamata mtu begani. Yule mtu akageuka, Mzulu mnene, akamtukana.

Tajiri wetu alitaka kunifukuza, kisha akaghairi. Baadaye nilikuja kujua kwamba pasta ndiye aliyemwambia aniache nibaki. Kwenye mtego hawaondoi chambo. Kiti cha shemasi bado kipo pembeni ya changu, na mlango ukifunguliwa anatazama kabla yangu. Ule mchezo hatuuchezi tena. Kama najua mpenzi wangu aliko au sijui, hapa siandiki, kwa sababu kila jamii ina shemasi wake na wanasoma. Nitasema tu kwamba kinyozi hajinyoi, na nywele za yule niliyemnyoa zitakuwa zimeota, na kuna mtu huko anayezikata. Hilo linaniuma mpaka wembe unanitoka mkononi.

Pasta anakuja kila mwisho wa mwezi. Anakaa kwangu, namfunga shuka, anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado, mzee." Ndiyo mazungumzo yetu yote. Nikimaliza anapiga magoti na leso yake, kila mara kwa shida zaidi, anashika kiti ili ainuke.

Safari iliyopita hakupiga magoti. Aliinuka akasimama, leso haijatoka mfukoni. Nywele zake, nyeupe tupu siku hizi, zilikuwa zimelala miguuni pangu. Shemasi akashtuka. "Papa, nywele yako." Pasta akampungia mkono anyamaze. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ile dawa ulimufanyia mwana yangu," akasema chini chini, "ufanye tena. Mimi nimekuachia nywele. Arudie tu."

Nikamwonea huruma, Mungu anajua, nikamwonea huruma kweli. Nikamuuliza, "Akirudi, mzee, basi la Lubumbashi je?"

Alijitazama kwenye kioo. Nilingoja. Alivaa kofia yake, akatoka. Nikachukua ufagio, shemasi ananitazama, nikazifagia nywele zake pamoja na za wateja wengine nikazitia pipani.